Kishindo na Zile Dakika Nne Nyuma ya Pazia

Baada ya kuitumikia bendi ya ukumbi wa manispaa kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano, mwimbaji wetu mkuu, ambaye ofisi nzima inamwita Kishindo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, saa tisa na nusu alasiri. Saa hiyo ameichagua mwenyewe. Amegundua kwamba ndipo jua la dirisha la juu linapoangukia katikati ya jukwaa, na tangu aajiriwe hajawahi kusimama mahali pengine.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye fundi wa mitambo ya sauti, na nimemsikiliza kwa miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo. Mpiga gitaa aliombwa kabla yangu. Alikataa, akasema akianza kuandika hataweza kuacha, na mengi yake hayachapiki.

Katika faili la ajira la Kishindo hutakuta neno muziki. Manispaa ya wakati ule ilitaka bendi ya roki, ila kwenye orodha yake ya vyeo hapakuwa na mwimbaji, kwa hiyo ikamwandika Mhudumu wa Ukumbi, Daraja la Pili. Majukumu yake ni kupanga viti, kufunga madirisha na kufagia jukwaa. Viti hakuvigusa ila alipotaka kupanda juu yake. Madirisha aliyafunga mara moja, siku upepo ulipomng'oa manyoya ya kofia. Lakini jukwaa alilifagia kila Jumamosi bila kukosa, kwa joho lenye mkia wa mita nne. Tathmini zake zote za utendaji kazi zinamsifu kwa usafi.

Wenzetu wa idara ya maji, ya barabara na ya taka huenda wanamfahamu kwa mavazi tu. Wapo wanaokumbuka suti ya dhahabu iliyofanya mgeni wa mstari wa mbele avae miwani ya jua ndani ya jengo. Wapo wanaokumbuka mabawa ambayo hayakupita mlangoni, ikabidi bwana mkubwa aingizwe ukumbini kwa ubavu, kama kabati linalohamishwa. Mimi naikumbuka zaidi bembea. Alitaka ashuke kutoka darini akiwa amekaa kwenye bembea, mikono wazi, taa zote usoni. Kamba ikakwama katikati. Aliimba nyimbo tatu akining'inia, akizunguka polepole, mara tunamwona uso, mara tunamwona kisogo. Nilipoomba ngazi iletwe, mpiga gitaa alinishika mkono. "Muache hapo hapo, kaka. Kwa mara ya kwanza nina nafasi ya kupita."

Kuhusu muziki wenyewe, Kishindo hakuwahi kuuamini wimbo unaomalizika jinsi ulivyoanza. Wenzake walitaka roki ya kawaida, magitaa na ngoma, watu waruke, waende nyumbani. Yeye alianza wimbo kama anabembeleza mtoto, akaugeuza gwaride la askari, akauingiza rumba, akaunyamazisha kabisa, kisha gitaa likalia kana kwamba kuna mtu amelikanyaga. "Huu ni wimbo au ni soko?" mpiga gitaa alimuuliza mwaka ule wa kwanza. Kishindo alifurahi sana. Alidhani amesifiwa, na kwa muda akawa anawaambia wageni kwamba yeye anatunga masoko.

Aliwahi kutunga wimbo wa kesi mahakamani, ambamo aliimba hakimu kwa sauti nzito, mshtakiwa kwa sauti nyembamba, na shahidi ambaye ni bata. Bata alikuwa na beti nyingi kuliko hakimu. Aliwahi kutunga mwingine uliohitaji kengele kumi na moja za baiskeli, na kila zilipolia nusu ya watazamaji walisogeza viti kupisha. Aliwahi kuimba wimbo mzima wa mapenzi ndani ya faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Mpenzi aliyetungiwa hakurudi, na hatukumlaumu.

Kilele cha yote ni Kijiko Kilichozama. Wimbo huo una dakika kumi na tisa na unahusu kijiko cha chai. Kilikuwa cha jikoni pale ofisini. Alikidondosha ndani ya bomba la sinki mwaka wa tisa wa utumishi wake. Mtu mwingine angeomba radhi na kuleta kingine. Kishindo alitoweka siku nne, akarudi na huzuni ya kijiko, safari ya kijiko, dhoruba ndani ya bomba, ngoma za vita, na kwaya ya sauti nyingi ambayo alisema ndiyo vijiko vya droo vinavyomlilia ndugu yao.

Kwaya hiyo ilihitaji mwangwi. Idara ya maji ilikuwa na tenki tupu nyuma ya stoo, limetoka kusafishwa. Bila barua wala taarifa tuliingia ndani yeye, mpiga ngoma, mpiga gitaa na mimi na nyaya zangu, tukaimba "kijiko, kijiko" kuanzia asubuhi. Mwenzetu wa idara ya maji alifuata ratiba yake ya kazi kama ilivyobandikwa, na saa sita kamili akafungua maji. Ukisikiliza kanda yetu, mwishoni mwa kwaya kuna sauti ya juu inayopasua moyo, ambayo wapenzi wa muziki wameisifia kwa hisia zake. Huyo ni mpiga gitaa. Maji yalikuwa yamemfika magotini na hajui kuogelea. Kishindo alipoisikia kwenye spika alisema, "Hii ndiyo roho niliyokuwa naitafuta," na tangu siku hiyo mpiga gitaa amelazimika kulia vile vile kila Jumamosi, akiwa mkavu.

Katikati ya wimbo huo Kishindo hubadilisha nguo. Anaingia nyuma ya pazia akiwa kijiko kilichopotea, anatoka akiwa kijiko kilichopatikana. Wakati huo bendi hupiga kipande kisicho na maneno, dansi ya polepole ya kuhesabu moja-mbili-tatu. Mpango wa awali ulikuwa sekunde arobaini. Nguo alishonewa na fundi cherehani wa ukumbi, ambaye alikuwa mke wangu.

Mke wangu alikuwa mtu wa maneno machache na sindano nyingi. Alizichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, na nyumbani nilijifunza kumkumbatia kwa uangalifu. Siku ya onyesho la kwanza la Kijiko, zipu ya vazi la pili ilikwama. Kishindo alivuta, zipu ikang'oka mkononi mwake. Mimi kwenye mitambo niliona pazia linafurukuta huku na huku kama kuna watu wanaopigana ndani ya gunia. Bendi ikarudia moja-mbili-tatu. Ikarudia tena. Mpiga ngoma akanitazama, mimi nikamtazama. Huko nyuma mke wangu alichukua uzi, akamsimamisha Kishindo wima mikono juu, akamshonea nguo mwilini. Alitoka kwa fahari, sindano ikining'inia kwenye kiuno chake na uzi wa shibiri moja, na watu wakasimama kupiga makofi.

Mtu mwenye akili ya kawaida angenunua zipu mpya. Kishindo alizipiga marufuku zipu. Kuanzia hapo kila vazi la kijiko kilichopatikana lilishonwa likaachwa wazi ubavu wa kushoto, na kila Jumamosi mke wangu alimalizia ubavu huo Kishindo akiwa amelivaa. Mishono ishirini na minane, kutoka kwapani hadi kiunoni, dakika nne na sekunde nane. Baada ya onyesho aliifumua. Nilimwambia mke wangu kwamba huo ni wazimu. Akaniambia, "Ni wazimu, lakini nguo inamkaa."

Nyuma ya pazia kulikuwa na kipaza sauti kidogo, chaneli ya sita kwenye mitambo yangu, ambacho sauti yake ilikuja kwenye hedifoni zangu peke yangu. Kazi yake ilikuwa moja. Fundi akimaliza anasema "Tayari," nami nawasha taa nyekundu ya mpiga ngoma. Lakini kwa kuwa kilikuwa wazi dakika zote nne, nilisikia na mengine. "Vuta tumbo ndani, baba. Simama wima. Wewe ni mtu au gunia?" Na Kishindo, ambaye nje ya pazia hakuna aliyeweza kumwambia neno, akajibu kwa upole, "Pole pole, shemeji, umenichoma." Naye, "Nikikuchoma utajua." Kisha kuhesabu kwa sauti ya chini, sindano inapita, moja, mbili, tatu, na muziki mbele unakwenda moja-mbili-tatu. Mwisho alikata uzi kwa meno. Katika hedifoni ilisikika kama mtu anavunja kijiti kidogo. Nimefanya kazi ya sauti maisha yangu yote na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Mke wangu alifariki Machi mwaka juzi. Kuhusu mazishi nitasema jambo moja tu, kwa sababu linamhusu mstaafu. Familia yangu ilikuwa na wasiwasi Kishindo atavaa nini, na shangazi yangu alipewa kazi ya kumzuia mlangoni kama atakuja na manyoya. Alikuja na shati la kijivu na suruali ya kijivu. Shangazi hakumtambua. Alimuuliza yeye ni nani katika familia, naye, kwa ile sauti inayofika mstari wa mwisho bila spika, alijibu kwa kunong'ona kwamba yeye ni mfanyakazi wa manispaa, mhudumu wa ukumbi.

Mwezi uliofuata tulirudi jukwaani na Kijiko. Hapakuwa na fundi mpya, na manispaa ilisema itatangaza nafasi. Kishindo aliingia nyuma ya pazia kama kawaida. Bendi ikapiga moja-mbili-tatu dakika nne nzima. Akatoka na nguo zile zile alizoingia nazo.

Watu walidhani ni mzaha ambao hawajauelewa. Jumamosi iliyofuata walicheka. Baadaye wakapiga miluzi, na baadaye wakajifunza kwamba huo ndio wakati mzuri wa kwenda chooni. Mpiga ngoma alidhani mzee anakwenda kunywa maji. Mpiga gitaa alidhani anakwenda kulala, na aliwaambia wote walio tayari kumsikiliza. Mimi niliamini ni majivuno tu, mtu anayetaka kupigiwa makofi kwa kutoka nyuma ya kitambaa. Chaneli ya sita nilikuwa nimeifunga, kwa sababu sikuwa na la kusikia huko. Taa nyekundu ya mpiga ngoma niliiwasha kwa kutazama saa ya ukutani. Kilichonishangaza ni kwamba bila saa na bila taa Kishindo alitoka kila mara kwenye dakika ya nne na sekunde ya nane. Nikasema moyoni, huyu hata kujivuna anajivuna kwa ratiba.

Mwezi huu ilipoandaliwa sherehe, meneja wetu, dada aliyekuja mwaka jana na ambaye hakumkuta mke wangu, alileta waraka. Mgeni rasmi ana kikao saa kumi na moja, hivyo Kijiko kikatwe kibaki dakika kumi na moja, na ukataji uanze na zile dakika nne ambazo, kwa maneno ya waraka, hakuna kinachoendelea. Bendi nzima iliunga mkono. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Kipande kile kilinichosha kwa sababu ambazo sikuwa nimemwambia mtu.

Tulijiandaa kwa tufani. Huyu ndiye mtu aliyewahi kugoma wiki mbili kwa sababu taa ya zambarau ilikuwa ya urujuani. Lakini hakupaza sauti. Alisema, "Kateni kwaya. Kateni gwaride. Hata kijiko chenyewe kitoeni, nitaimba sinki. Kipande hicho kiacheni." Mpiga gitaa akacheka. "Yaani kipande pekee ambacho hupo jukwaani ndicho unachokipigania?" Kishindo alichukua kofia yake akaenda nyumbani, na manyoya yake yote hayakumsaidia kuonekana mkubwa.

Jumanne kwenye mazoezi nilikuwa napangusa vumbi kwenye mitambo wakati bendi ikipiga kipande hicho ili tuone mahali pa kukatia. Mkono wa shati langu ulibonyeza chaneli ya sita. Hedifoni zilikuwa masikioni.

Alikuwa anahesabu. Polepole, kwa kituo, kama mtu anayesubiri sindano ipite kati ya namba na namba. Kumi na tisa. Ishirini. Niligeuka nikatazama kwa pembeni ya pazia, mahali ambapo fundi wa sauti peke yake anaweza kuona. Alikuwa amesimama wima, mikono juu, tumbo amelivuta ndani. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Akanyamaza kiasi cha mtu kukata uzi. Kisha akasema, "Asante, shemeji," akatoka jukwaani kwa sekunde ile ile ya siku zote, akakuta sote tunamsubiri kwa nyuso za watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Katika miaka thelathini na minne mtu huyu hajawahi kumshukuru mpiga gitaa kwa kulia, mpiga ngoma kwa kengele, idara ya maji kwa tenki, wala mimi kwa kumfanya asikike. Niliyaweka hayo akilini nilipokwenda ofisini kwa meneja, nisije nikamsifu kupita kiasi.

Sikuwa na hoja nzuri. Nilimwomba tu aje mazoezini Alhamisi, nikampa hedifoni zangu. Alisikiliza hadi mwisho. Alizivua, akazikunja waya vizuri, jambo ambalo hakuna meneja aliyewahi kulifanya. Akauliza hotuba ya mgeni rasmi ina dakika ngapi. Nikamwambia kumi na tano. "Atasema saba," akasema. Halafu akachukua kalamu akaipiga mstari hotuba yake mwenyewe, yote. Ndiyo maana katika ratiba mliyoshika mkononi hakuna neno la meneja, na Kijiko kina dakika kumi na tisa.

Basi niwaombe wageni jambo moja. Ile dansi ya moja-mbili-tatu ikianza, vyoo vya ukumbi huu vitakuwepo pia baada yake.

Na wewe, Kishindo, najua hutafika mstari huu mpaka umalize kulalamikia picha ya ukurasa wa mbele, kwa hiyo nina hakika unausoma dakika chache kabla ya kupanda. Nyuma ya pazia, kwenye msumari wa tatu, kuna joho la mahameli ya kijani. Lilikuwa kwenye cherehani wiki ile mke wangu alipolazwa. Kwa miaka miwili limekaa kabatini kwangu kwa sababu ubavu wa kushoto uko wazi, na niliona aibu kumpa mtu nguo ambayo mke wangu hakuimaliza. Mpaka nilipokusikia unahesabu sikuwa nimefikiri vizuri. Alikuwa ameimaliza. Nguo zako zote zilitoka mikononi mwake zikiwa hivyo.

Sindano na uzi ninavyo mimi. Nimefanya mazoezi siku tatu kwa foronya, na sasa nyumbani kuna mito mitatu ambayo haitoki tena ndani ya foronya zake. Meneja amekubali kukaa kwenye mitambo wakati nitakapokuwa nyuma ya pazia. Kazi niliyompa ni kutogusa kitu chochote, na amesema ameizoea, yuko manispaa.

Kwa niaba ya wenzako wote, tunakushukuru kwa Jumamosi zote, kwa bata, kwa kengele, na kwa jukwaa safi. Tunakuombea siku ndefu za kupumzika, afya, na nyumba yenye vioo vya kutosha. Mpiga gitaa anaongeza kwamba leo atalia bila kulazimishwa, ila usilifanye jambo kubwa.

Mpiga ngoma ameambiwa aendelee kuzungusha kile kipande mpaka atakaposikia nimekata uzi; leo chaneli ya sita nimeiunga na hedifoni zake. Mimi si mwepesi kama mke wangu, dakika nne zitazidi. Simama wima, baba, na uvute tumbo ndani.